Shokapu ya Nyuma

Baiskeli yangu ya mtumba ina shokapu mbili, springi za kunesea, mbele na nyuma. Ujanani mwangu kila kijana wa Tabora alitamani baiskeli za namna hii, kisha zikaadimika, maana mafundi walizichomelea chuma mahali pa shokapu ya nyuma ili zibebe magunia. Juzi mke wangu akataka yangu nayo ibebe mkaa, nikaipeleka kwa fundi, mtaa wa Ipuli.

“Shikamoo mzee. Hii inanesa mno. Niikaze?”

“Marahaba. Ngoja niionje.”

Nikaipanda hadi njia ya zamani ya wapagazi. Mashimo niliyahesabu nikachoka, lakini mgongo haukulalamika hata kidogo. Nikajikuta nacheka peke yangu, kijana tena, shati limejaa upepo.

Niliporudi, fundi alishavaa miwani yake ya kuchomelea.

“Zima mashine,” nikamwambia. “Mkaa utakuja na bajaji. Nauli nitabishana na dereva.”