Siku Niliyokula kwa Drosela

Mimi ndiye niliyeandika majina. Hapa Kigali kila nyumba kumi na tano zina kiongozi wao, na kundi hilo tunaliita isibo. Wa kwetu ni mimi, Verediana, na mwaka wa korona ulikuwa wa tisa wangu, bila mshahara na bila shukrani. Kabla ya korona kazi yangu ilikuwa kuamua ugomvi wa takataka na kugonga milango ya wavivu siku ya usafi. Tulipofungiwa majumbani ikaja amri: chakula cha msaada kinakuja, kila isibo itoe nyumba sita zisizo na kitu. Ingia, uliza, tazama, andika “wana” au “hawana.” Nyumba sita! Kwangu zilikuwa kumi na zaidi, na yangu ikiwemo, ila kiongozi haruhusiwi kujiandika.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya Drosela. Alitoka Gicumbi akiwa msichana, na kwa miaka kumi na minne alifua nguo za watu nyumba kwa nyumba, hadi ngozi ya vidole ikapauka isirudi tena rangi yake. Sifa yake mtaani ilikuwa moja: kwake huondoki na kinywa kikavu. Siku moja nilimwendea nimefura kwa ajili ya maji ya sabuni aliyomwaga njiani. Nilirudi nyumbani nimeshiba viazi, nimesahau kilichonipeleka. Mama yake, alisema, alimchapa mara moja tu maishani: siku aliyomwacha mgeni aondoke bila hata maji.

Mumewe, Anastazi, alikuwa dereva wa pikipiki ya abiria. Pikipiki zilipokatazwa kubeba watu, aliiingiza yake sebuleni, na sebule yenyewe ni hatua nne kwa tatu. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa, taa, tangi, spoku moja moja, kana kwamba ilikuwa na safari. Mabinti zake wawili, Gihozo wa miaka kumi na Teta wa minne, walishinda juu yake kwa sababu viti vilikuwa vimetolewa kuipisha. Drosela naye alipigiwa simu na mabibi aliokuwa akiwafulia, mmoja mmoja: usije kwanza. Wa mwisho alimwambia asije kabisa, amenunua mashine.

Siku zikakosa majina. Redio ilisema Jumanne, nasi tukakubali. Aprili kwetu ni mwezi wa kuwaomboleza waliouawa katika mauaji ya kimbari, hata mwaka usio na ugonjwa, na mwaka ule kila mtu aliomboleza ndani kwake, akisikiliza redio. Mimi sikulia. Nilijishangaa, kisha nikaacha hata kujishangaa. Nilikuwa naamka, nakaa, nasikiliza idadi ya wagonjwa wa siku, nalala. Ungeniambia nyumba yangu inaungua ningeuliza, upande upi.

Kwa Drosela, hili nililijua baadaye, chai ya asubuhi ndiyo iliyoondolewa kwanza. Kikafuata cha mchana. Ukabaki mlo mmoja, saa kumi jioni.

Mimi nilipiga hodi kwake Alhamisi, saa kumi kasoro robo.

“Karibu Mama, karibu! Kaa hapo mlangoni penye hewa, korona isikudake.”

Anastazi alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. “Mkubwa wetu! Panda, leo nauli bure.”

“Baba, tumefika?” Teta aliuliza kutoka kwenye kiti cha abiria.

“Bado. Kuna foleni.”

Nilifungua daftari. “Drosela, nimetumwa niulize. Mna chakula humu ndani?”

“Tunamshukuru Mungu.”

“Nauliza chakula, Mungu sijamuuliza.”

“Mama naye! Kwani umetukuta tumelala chini?” Akacheka, akaingia nyuma.

Alirudi na sahani: viazi vitamu vitatu, maharage, na mchicha juu yake. Alichota kijiko kimoja akakionja mbele yangu, kama ilivyo desturi, ili mgeni ajue hakuna sumu. Kisha akaniwekea mapajani.

“Kula, Mama, hakijapoa.”

Ningekataa. Lakini kwetu mwenye nyumba akishaonja, anayekataa amemwita mchawi mbele ya watoto wake. Hiyo ni sababu moja, na ndiyo niliyokuwa nikiwaambia watu kwa muda mrefu. Ya pili ni kwamba sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi ya jana yake. Nilikula, tena si kwa adabu. Nilifuta mchuzi kwa kipande cha mwisho cha kiazi mpaka ua lililochorwa chini ya sahani likaonekana lote.

Teta alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, akasimama akifuata mkono wangu ukienda na kurudi. Gihozo akamziba macho kwa kiganja. “Mgeni haangaliwi akila.” Nilimsikia, nikawaza: watoto hawa wamelelewa. Na mdomo ukiwa bado umejaa, nikaandika “wana.”

Jumamosi gari likaja na unga wa mahindi, maharage na sabuni. Nyumba sita zikaitwa. Drosela alitoka akasimama kando, barakoa usoni, akawapongeza waliopata kama watu waliofunga ndoa. Jirani mmoja mjamzito aliposhindwa kuinua mfuko wake wa maharage, Drosela ndiye aliyemtwisha. “Taratibu, Mama, usije ukateguka.” Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na daftari langu.

Jumatatu nilimkuta Gihozo bombani, amekalia dumu lake akingoja zamu.

“Mama kapika nini leo?” Niliuliza ili tu niseme kitu.

“Hajapika, Bibi.”

“Na jana?”

“Jana tulikunywa uji. Ule mwepesi.” Alifikiri kidogo. “Kupika hasa ni siku ile uliyokuja. Mama alituita nyuma akasema tunywe maji, Bibi akiondoka tutakula kitakachobaki.”

“Kikabaki nini?”

“Sahani.”

Hakuwa na hasira wala utani. Aliulizwa, akajibu.

Niliingoja aibu inikamate, haikuja. Nilisimama nikatazama maji yakijaa kwenye ndoo yangu hadi yakamwagika miguuni. Nilijua kwamba nimefanya jambo baya jinsi mtu anavyojua kuwa leo ni Jumatatu. Nilimpeleka mtoto kwangu, nikammiminia kwenye kitambaa unga wa muhogo uliokuwa umebaki, vikombe viwili hivi, nikaenda kumpigia simu mkubwa wangu.

“Orodha imefungwa,” alisema.

“Nimekosea nyumba moja.”

“Umekoseaje, na uliingia ndani?”

“Nilikula chakula chao.”

Nilimsikia akifunua karatasi. Kisha akasema gari litapita tena Jumatano, niongeze jina moja, lakini safari hii mwenye nyumba atie saini mbele ya neno, maana wako watu wanaojaza majina ya ndugu zao.

Nilirudi kwa Drosela jioni ile ile. Anastazi alikuwa anafuta taa ya mbele. Watoto walikuwa juu ya kiti cha pikipiki, hawachezi.

“Drosela, nilikula chakula cha watoto wako.”

“Ulikula chakula chako. Kikishawekwa mbele ya mgeni ni chake.”

“Nimekuja kuandika upya.”

Aliliona daftari, akaelewa. “Andika tuna kidogo.”

“Kidogo hakina mahali kwenye karatasi hii. Ni wana au hawana.”

“Basi andika wana.”

“Usinichoshe! Nitaandikaje wana na mtoto wako kaniambia mnakunywa maji?”

“Mtoto anasema mengi.”

Kitambaa cha Anastazi kikasimama. Tangu tufungiwe sikuwa nimemwona mtu yule ameshika kitambaa kisichotembea. “Drosela,” alisema. “Watoto.”

Drosela hakumtazama. Alitazama pikipiki. Nami nikaandika “hawana,” kwa herufi kubwa ili nisije nikaulizwa tena, nikamgeuzia daftari na kalamu. Alijifuta mikono kwenye kitenge ingawa ilikuwa mikavu. Aliandika jina lake lote, polepole, kwa mwandiko wa msichana wa shule ya msingi, na kila herufi aliikamilisha.

Aliponirudishia kalamu alisema, “Nilikuona siku ile, Mama, jinsi ulivyokuwa unakula. Nilijua una njaa kuliko sisi. Na wewe nani angekuandika?”

Nilifunga daftari, nikaaga.

Jumatano walipata unga, maharage na sabuni kama wenzao. Drosela alipokea mwenyewe, akashukuru, akajitwisha mfuko bila kusaidiwa. Saa kumi moshi ulitoka nyuma ya nyumba yake, nikajiambia: umerekebisha, Verediana, sasa yaache.

Miaka imepita. Anastazi yuko barabarani na anavaa miwani ya jua kama kijana. Teta anasoma, Gihozo amenipita urefu. Mimi bado nina daftari, na mlangoni kwa Drosela nafika kama ninavyofika kwa wengine wote, mara usafi, mara bima ya afya. Ananisalimu kwa mikono miwili, ananiulizia miguu yangu. Ila ananisalimia hapo hapo mlangoni, na mlango wenyewe ameujaza. Majirani wenzangu wanatoka kwake wakijifuta midomo. Mimi, tangu saini ile, hata maji sijapewa.

Mwezi uliopita nilipita saa saba mchana. Harufu ya maharage ilikuwa imefika njiani. Nimezeeka, nimechoka kungoja, nikaamua kulifanya utani.

“Drosela, leo nimekuja na njaa!”

Alicheka, kicheko chake kile kile cha zamani. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mzee kitu alichosahau, “Lakini Mama, sisi hatuna. Uliandika mwenyewe, nami nikatia saini.”

Hapo ndipo aibu niliyoingoja bombani ilipofika, na ilikuja yote. Nyuma yake sufuria ilikuwa ikichemka na kifuniko kinagonga. Nilimwambia siku ya usafi ni Jumamosi, nikaenda nyumba ya kumi.