Homa ya Mama Msimu wa Kahawa

Kahawa mbivu ikianikwa halafu jua likakataa kutoka, huanza kutoa harufu nzito, tamu kidogo, kama ya ndizi zilizoanza kuchacha. Msimu ule harufu hiyo ilijaa uani kwetu Igurwa, ikaingia hadi kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni na kwenye mablanketi tuliyojifunika. Nilikuwa darasa la nne, binti wa kwanza, na Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu Koku siku chache tu kabla mibuni yote haijaiva kwa pamoja. Baba hakumwamuru arudi shambani. Alisema tu kwamba kahawa inadondoka, na Mama akachukua ndoo. Mimi nikaachiwa mtoto. Akilia nilimbembeleza, akizidi nilimbeba mgongoni hadi kwenye migomba, kahawa ilikochumwa, na Mama, bila kugeuka, alisema, “Nakuja, mwanangu, nimalizie mti huu.” Baada ya mti huo kulikuwa na mwingine. Maziwa yalimvuja yakalowesha gauni kifuani, yakakauka, yakalowesha tena.

Mchana mmoja alirudi bila ndoo. Jua lilikuwa limetoka kwa mara ya kwanza baada ya mvua nyingi, na sisi wengine tulikuwa tukilifurahia, lakini yeye alikaa chini kando ya mkeka wa kahawa, meno yakigongana. “Nifunike,” aliniambia. Nilileta blanketi, kisha la pili, na bado alitetemeka. Nilipomwegesha Koku kwenye titi la kushoto, Mama alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake. Titi lilikuwa jekundu upande mmoja, ngozi imevutika hadi inang’aa, gumu kama kiazi kibichi. Joto lake lilinifikia kiganjani kabla sijaligusa.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyeshika uuguzi. Alichemsha maji, akalowesha kitambaa, akakandamiza huku Mama akiuma pindo la kitenge chake. Akakataza mtoto asinyonye upande huo. “Maziwa hayo yameungua,” alisema. “Yatamchoma mtoto tumbo.” Basi Koku akawa ananyonya upande mmoja tu, na ule mwingine ukazidi kujaa na kuvimba, hadi chini ya kwapa kukatokea tezi na Mama akashindwa kushusha mkono. Midomo ilimpasuka kwa homa. Kutwa alikuwa ama anatetemeka, ama anatupa mablanketi na kulowa jasho. Mimi nilimenya ndizi, nilichota maji, niligeuza kahawa, niliikusanya mbio mawingu yalipotanda, na muda wote mtoto alikuwa mgongoni. Nilichoka uchovu usioisha kwa kulala. Jioni Baba alisimama mlangoni, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu, akamtazama mkewe, akasema, “Tuone hali ya kesho.” Kesho ikifika alisema hivyo hivyo. Sidhani kwamba hakumpenda. Nadhani naye alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kuogopa kulikuwa kazi nyingine.

Kisha asubuhi moja Mama aliniita kwa jina la dada yake, ambaye alikuwa amefariki nikiwa bado mdogo, akaniuliza kama nimeshafunga mbuzi. Hatukuwa na mbuzi. Baba alikuwa anakunywa uji. Aliliweka chini bakuli, akaenda kuitoa baiskeli. Alifunga mto kwenye kiti cha nyuma, akamkalisha Mama, akawa anaikokota huku mimi nikimshikilia kiunoni, Koku mgongoni, hadi zahanati. Muuguzi aliyekuwepo alimgusa Mama paji la uso, akafunua gauni, akavuta pumzi.

“Shikamoo, mama. Limeanza lini?”

Aliyejibu ni Baba. Bibi aliyekuwa ametufuata kwa miguu alieleza habari ya maziwa kuungua. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, “Bibi, hayakuungua. Yalikwama ndani. Mwili umepeleka damu pale kupigana na uchafu, ndiyo huo wekundu na huo uvimbe, na homa nayo ni vita hivyo hivyo. Ila sasa mwili peke yake hauwezi. Limekuwa jipu. Mpelekeni Kayanga leo.”

Tulipata gari lililobeba mikungu ya ndizi. Hospitalini walimpasua, wakatoa usaha, wakamwekea dripu, na alipotolewa alilala huku mdomo umefumbuka kama mtoto. Homa ilishuka. Nikagusa mkono wake, ukawa wa kawaida tu, nami nikakaa sakafuni nikalia. Bibi alipokuja na chupa ya uji alitazama bandeji kwa muda mrefu. “Sisi tulifundishwa hivyo,” aliniambia, kana kwamba mimi ndiye hakimu, kisha akaomba kumbeba mtoto. Kahawa yetu nyingi ilidondoka msimu huo. Sikumbuki Baba akiitaja.

Koku sasa ni mtumishi wa wilaya kule Rubwera, na mwezi uliopita naye alikuwa ananyonyesha. Alinipigia simu: titi limevimba, lina joto, anatetemeka. Alikwenda kituo cha afya siku ile ile, akapewa dawa, akaambiwa aendelee kunyonyesha na apumzike. Dawa alimeza, akanyonyesha. Kupumzika hakuweza, likizo ilikuwa imekwisha na watu walimsubiri ofisini. Nilipokwenda na Mama kumwona tulimkuta amesimama jikoni, mtoto begani, macho yamemwingia ndani. Ugonjwa uliotaka kumuua Mama, kwake ulipona bila hata kovu. Hilo namshukuru Mungu. Lakini uso ule niliujua.

Nilimpokea mtoto, Mama akavuta kiti, Koku akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. “Mama,” akauliza, “wewe enzi zako ulikuwa unapumzika lini?”

Mama alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia.

“Nilipumzika,” akasema. “Siku zile nilizolazwa Kayanga.”