Dozi Nne za Dereva wa Kreni

Shemeji yangu ni dereva wa kreni, na kwa unene wake wenzetu kazini walimwita Unyoya. Amemwoa dada yangu mdogo, kwa hiyo utani kati yetu ni ruksa, ila mzigo ukiwa hewani hatutaniani. Yeye hukaa kibandani juu kabisa, mimi husimama kwenye ghorofa tunayoijenga nikiwa na redio, namwelekeza mzigo uende wapi. Miaka kumi na miwili tumefanya hivyo na hatujaponda hata kidole cha mtu.

Shida yake ilikuwa uzito. Kampuni hupima madereva kila mwaka, na aliyezidi kilo mia na ishirini hapandi. Mwaka jana alipita chupuchupu. Mwaka huu mizani ya nyumbani ilisoma mia na thelathini na mbili. Akaenda hospitali, daktari akamwandikia sindano za kupunguza uzito. Huja ndani ya kifaa mfano wa kalamu. Kalamu moja ina dozi nne, na dozi moja huchomwa kila Jumapili. Alianza na kiasi kidogo, kikapandishwa taratibu mwezi baada ya mwezi. Hamu ya kula ikapungua, kitambi kikaanza kunywea, dada akawa kila siku yuko kwenye cherehani anabana suruali. Nilifurahi, ingawa nilimwambia akikonda watoto watakosa kivuli.

Kisha baba yake mdogo akafariki. Akaenda msibani, kalamu akaiacha kwenye friji, na mambo ya urithi yakamshika huko wiki tatu. Aliporudi alikuwa ameongezeka kilo tatu, na upimaji ulikuwa wiki iliyofuata.

Hapo ndipo akili ya kazini ilipomponza. Kwetu, ukikosa zamu unaifidia. Unapiga zamu mbili mfululizo, msimamizi ananyamaza, maisha yanaendelea. Yeye akaona sindano nazo ni zamu. Ijumaa akajichoma moja, Jumamosi moja, Jumapili mbili: tatu alizozikosa na moja ya wiki hiyo. Kalamu nzima ikaisha na hakumwambia mtu. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shemeji yangu ana upara.

Jumanne, saa nne asubuhi, tulikuwa ghorofa ya nane tukipachika kipande cha ukuta cha zege, tani tatu. Mafundi wawili walikuwa wamekishika kukiongoza, migongo yao imeelekea nguzo. Kati ya kipande na vifua vyao ilibaki hatua moja. Redio ikakoroma.

"Shemeji, naona mbilimbili."

"Usinitanie saa hizi."

"Sitanii. Nimetapikia kofia. Mikono inatetemeka."

Akiachia mpini ghafla kreni husimama, lakini mzigo hubembea, na bembea ya hatua moja tu ingewabana wale watu kwenye nguzo. Upande mmoja ukuta, upande mwingine shimo la ngazi. Hawakuwa na pa kukimbilia. Fundi mzee aliniangalia usoni, akajua. Akaanza kumwomba Mungu kwa sauti.

"Nisikilize mimi tu," nikasema kwenye redio. "Mzigo usiuangalie. Pandisha kidogo. Kidogo! Simama. Sasa sogeza."

"Nje au ndani?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye usingizini.

"Nje! Nje, shemeji, kwa ajili ya watoto wako!"

Kipande kikayumba, kikamgusa fundi mzee kifuani, kikamsukuma mpaka mgongo wake ukagusa nguzo. Nikafumba macho. Nilipofumbua, kilikuwa kinaondoka. Kukishusha mpaka chini kulichukua dakika nne, na katika dakika hizo sikumbuki kama nilipumua.

Tulimteremsha kwa kamba. Alimwambia msimamizi kwamba amekula kitu kibaya, akaaminiwa. Nikampeleka kliniki. Aliposimulia habari za kalamu, mfamasia alivua miwani akaiweka mezani.

"Nani alikuambia ufidie?"

"Nilidhani zimeshaisha mwilini."

"Dawa hii haina haraka, baba. Inachukua kama wiki nzima kupungua nusu tu. Ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki: ya leo inaikuta nusu ya ile iliyopita, na mwili unazoea taratibu. Wewe umekaa karibu mwezi, ya zamani ikabaki kidogo sana, tumbo likasahau. Halafu ukalitwisha nne kwa mpigo. Jumapili ijayo zitakuwa zimebaki kama mbili. Inayofuata, moja. Hakuna cha kuzitoa. Na usichome tena mpaka daktari aseme."

"Lakini kesho nitakuwa sawa?"

"Utajiona uko sawa kwa saa mbili tatu, kisha itarudi. Unafanya kazi gani?"

Shemeji akajibu bila kupepesa macho: "Mlinzi wa stoo."

Nami nikanyamaza. Aibu ya kunyamaza kule ninayo mpaka leo.

Jioni dada akanipigia simu. "Kaka, asipopanda sasa hivi, karibu na upimaji, watamweka mtu mwingine. Nakuomba usimharibie."

Jumatano asubuhi Unyoya alifika wa kwanza. Maji ya chumvi na sukari yalikuwa yamemrudishia rangi, na mkanda wa usalama alishaufunga. Msimamizi akamtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Yuko salama huyu?"

Unyoya alinikodolea macho. Nilimfikiria dada, nikawafikiria wapwa wangu, kisha nikapiga moyo konde.

"Hakula kitu kibaya, bosi. Amezidisha dawa, na itakuwa mwilini mwake wiki kadhaa. Asipande."

Alifungua mkanda akautupa miguuni pangu. "Ahsante, kaka wa mke wangu," akasema. Hata kuniita shemeji alikataa.

Dereva wa akiba akapanda. Unyoya akaketi juu ya mifuko ya saruji, akanuna. Saa nne na nusu nilimwachia mwenzangu redio nikashuka kumwona. Nilimkuta ameinama, anatapika, jasho linamtiririka. Alikuwa anahangaika kufungua chupa ya maji, mikono inatetemeka, kifuniko kinamshinda. Nikamfungulia. Hakunywa. Alikuwa ameinua uso anatazama ghorofa ya nane, ambako kipande kingine cha ukuta kilikuwa kinaingia.

"Wale mafundi wawili wako kule?"

"Wako."

"Wamekishika?"

"Wamekishika."

Akaitazama mikono yake, akaikalia nisiione, akalia.