Mfumaji Aliyejua Kuandika

Nimekuwa karani wa parokia yetu huku Bukombe muda mrefu kiasi kwamba watu nawajua kwa mwandiko kabla ya sura. Vitabu vya ubatizo vya zamani viliandikwa kwa Kilatini na mapadre Wafaransa, na pembeni wakaongeza vijineno vya Kifaransa kila walipokasirishwa na mtu. Nimevinakili vyote kwenye kompyuta. Hakuna aliyenishukuru, nami sikutegemea. Ila kazi hiyo ilinizoesha miandiko ambayo siku hizi hata wenye lugha yao inawashinda.

Kwa mlango huo nikaingia kwenye ukoo wa watu wengine. Injinia mmoja wa Afrika Kusini, mzungu wa makamo aliyekuwa akifanya kazi mgodini Bulyanhulu, alikuja ofisini na mchumba wake, nesi, binti wa parokia yetu, kufuata cheti cha ubatizo cha binti. Kitabu cha zamani kilikuwa wazi mezani. Akaniuliza kama naweza kukisoma. Nikamwambia ndiyo kazi niliyoajiriwa.

“Basi mama yangu anakuhitaji,” akasema.

Mama yake alikuwa mwalimu mstaafu, anaishi huko Rasi, ncha ya kusini ya Afrika. Ukoo wao ni wa Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa waliokimbia nchi yao zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, mfalme alipowalazimisha kuwa Wakatoliki. Yeye na jamaa zake waliotawanyika nchi mbalimbali walikuwa na grupu la WhatsApp na ukurasa mtandaoni ambako walipakia picha za hati za kale, kila mmoja akapewa karatasi yake aifumbue. Nikaongezwa. Nilikuwa Mkatoliki peke yangu, mweusi peke yangu, na nilisoma haraka kuliko wote. Bando lilikwisha kila wiki na sikujali. Nilijiona mtu, sitaficha.

Tangu siku ya kwanza yule mwalimu nilimwita Mama, kama ambavyo ningemwita mama wa mtu yeyote. Alishtuka kidogo, kisha akazoea. Alikuwa mkali. Nikikosea Kiingereza alinisahihisha mbele ya grupu zima, kama mtoto wa darasa la nne, na mimi nina wajukuu.

Waliyekuwa wakimtafuta ni mfumaji wa vitambaa, babu wa kwanza wa ukoo kufika Rasi. Kwenye hati za huko aliweka saini kubwa, mkia wake ukipinda kurudi chini ya jina kama mkia wa ndama anayefukuza nzi. Lakini habari zake za Ufaransa hazikuwapo. Mama alikuwa na hakika ya jambo moja tu: mtu huyo aliondoka bila kupiga goti mbele ya padre yeyote.

Na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Harusi ya mwanawe ingefungwa kanisani kwetu. Kibali cha askofu kilikuwa kimetoka, wazazi wa binti walikuwa wamekubali, ila Mama alisema haji. Aliniandikia kwa adabu, bila ugomvi, kwamba hawezi kukaa katika kanisa ambalo babu yake alipoteza nyumba na nchi kwa kulikimbia. Injinia aliacha kabisa kulizungumzia. Binti ndiye aliyekuja ofisini.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Kuna nini?”

“Mama mkwe hataki kuja. Sasa baba, nikiolewa hajaniona, wanangu si watakuwa na bibi wa kwenye simu tu?”

Nilimpa kiti, akakaa kidogo, akaondoka.

Haikupita wiki, nikapangiwa karatasi ya watu walioikana imani yao mbele ya padre, katika mji mmoja wa wafumaji. Mimi husoma hati kuanzia chini, kwa sababu saini husema zaidi ya maneno. Na pale chini alikuwapo: jina la mfumaji, kazi yake, jina la mke wake, yote kama yalivyoandikwa Rasi. Alikuwa ameikana imani, na siku hiyohiyo akafunga ndoa ya Kikatoliki. Mahali pa saini palikuwa na alama ya msalaba, na karani wa wakati ule ameandika kwamba mtu huyu hajui kuandika.

Nilipoiweka kwenye grupu, wote walipumua. Mtu wetu alijua kuandika, wakasema, huyu ni mwingine wa jina lake. Mama akafunga mjadala: “Ushahidi ni saini.”

Mimi nilijua ni yeye. Babu yangu alifundishwa kusoma na mapadre, na nusu ya majirani aliwaandikia barua zao. Enzi za kuhamia vijiji vya ujamaa, kiongozi alipita nyumba kwa nyumba na orodha ya waliokubali kuhama. Babu akasema hajui kuandika, akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Baba alinisimulia kisa hicho zaidi ya mara moja. Walipobaki wenyewe alimuuliza kwa nini amedanganya, na babu akamjibu, “Dole limekubali. Mimi bado.” Alihama kama wengine. Lakini mpaka anakufa hakuna aliyeweza kumwonyesha karatasi yenye mkono wake.

Siku tatu nilikaa na jambo hilo. Nikinyamaza, Mama atabaki na mfumaji wake na binti atakosa mkwe. Nikisema, huenda nikawapoteza wote wawili. Na nilikuwa na hasira vilevile, kwa sababu kanisa letu alilikataa hajaliona hata bati lake. Mwisho nikamwandikia yeye peke yake. Nikampangia majina, kazi, mke. Kisha nikamweleza habari ya babu, neno kwa neno, na nikaongeza kwamba mimi kama karani, nikiona anayejua kuandika amesema hajui, najua kuna kitu amekikatalia ndani.

Tiki mbili zikawa za bluu. Jibu halikuja. Siku ya nne nikakuta nimeondolewa kwenye grupu. Iliniuma kuliko nilivyotarajia, na nyumbani sikumwambia mtu.

Siku ya harusi alikuja. Hakumtaarifu yeyote zaidi ya dereva aliyemleta kutoka Kahama. Mwembamba, kofia ya kitambaa, viatu vimejaa vumbi. Alikaa benchi la nyuma kabisa, na kanisa zima lilipopiga magoti yeye alikaa wima, mikono mapajani. Binti alipomwona alisahau kutazama mbele.

Baada ya misa waliingia sakristia kutia saini. Injinia alimwomba mama yake awe shahidi wake. Nikamsogezea kitabu na kalamu. Aliitazama kalamu, kisha kwa mara ya kwanza akanitazama mimi.

“Karani, wino wa dole gumba mnao?”

Tunao, kwa ajili ya wazee wetu. Nikamfungulia. Akachovya, akagandamiza taratibu, akaitazama alama yake.

“Mama, mkono unauma?” mwanawe akauliza.

“Hauumi hata kidogo.”

Kwa utaratibu wetu, pembeni ya dole karani huandika sababu. Nikaandika kama ninavyoandika siku zote. Akainama begani kwangu, akauliza maneno hayo yana maana gani.

“Hajui kuandika,” nikamwambia.

Akayapitishia kidole, neno kwa neno, kama anayekagua daftari la mwanafunzi.

“Sahihi,” akasema, na akaenda kumkumbatia mkwe wake kwa mkono ule usio na wino.