Nyasi za Mama Shoka

Mumewe ndiye aliyeipanda misonobari ya mlimani, na yeye ndiye aliyekwenda kuikata. Kwa maneno hayo mawili watu wa mtaani walimaliza kumweleza, wakambandika jina la Mama Shoka, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Mume alikuwa msimamizi wa kitalu cha miche, mtu mpole, mgumu wa maneno. Alipofariki, miti yake haikutulia. Upepo ulibeba mbegu ukazipandisha juu, misonobari ikaota kwenye malisho yaliyosalia, na vijito vilivyokuwa vikishuka mjini vikaanza kunywea, kwani miti hiyo hunywa maji mengi. Ofisi ya hifadhi ikaamua nyasi zirudishwe, ikatangaza kazi ya vibarua. Mjane akaenda kujiandikisha.

Binti yake, aliyeolewa mbali, alipiga simu. "Mama, hizo kazi za wanaume utaziweza? Njoo ukae na sisi."

"Nije nikae kwenye kochi, mwanangu, niitazame televisheni mpaka na yenyewe inichoke?"

Aliyeumia zaidi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, seremala aliyeishi nyumba ya pili. Siku alipomwona anapita na shoka begani, alisimama na randa mkononi, maranda yamemjaa nyweleni. "Ndugu yangu alishakufa, shemeji. Leo unakwenda kumuua tena?"

Alihamishia shoka bega la pili, akapita. Tangu hapo, kila walipokutana njiani, kila mmoja alikagua viatu vyake.

Mwanzoni kulikuwa na raha yake. Vibarua walikuwa wengi, misumeno ikinguruma, utani ukirushwa kutoka mti hadi mti. Lakini miti mikubwa ilipokwisha, watu walishuka na vyombo vyao. Ilibaki kazi isiyo na shangwe: kila mvua ikinyesha, mbegu zilizolala ardhini huota, na lazima mtu ainame aing'oe miche ingali laini. Ofisi ikamwachia yeye, pamoja na kibanda cha mabati. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la mkaa na kikombe kimoja. Asubuhi alijisalimia mwenyewe kwa sauti, asije akasahau kusema.

Na mahali penyewe palitisha. Visiki, na zulia la majani makavu ya misonobari lisiloruhusu kitu kuota. Alilikwangua kwa reki, akaenda kukata nyasi zilizokomaa upande ambao miti haikufika, akazitandaza na mbegu zake juu ya udongo. Mvua za kwanza hazikuleta kitu. Zilizofuata zilileta vishungi hapa na pale, kama ndevu za kijana. Miaka ikapita hivyo, mpaka siku moja upepo ulipovuma, mteremko mzima ukalala na kuinuka.

Hakuwa na wa kumwonyesha.

Kisha asubuhi moja akasikia mtu anakohoa njiani. Alikuwa shemeji, amezeeka, anaegemea fimbo, pumzi zimemwishia.

"Hodi, shemeji."

"Karibu. Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Kule chini tunaona mlima umebadilika rangi, nikasema nije." Alitembea ndani ya nyasi polepole, akafika kwenye jiwe pana lililolala kwa mshazari, akaliwekea kiganja. "Hili jiwe sikujua kama lipo bado. Tulichunga hapa, mimi na kaka. Alikuwa akiteleza juu yake mpaka suruali ikatoboka. Mama yetu akamchapa. Kesho yake akaja na gunia, akateleza tena."

Mama Shoka alicheka, kicheko kikakatika katikati. "Miaka yote ile hakuniambia."

"Hata kwangu hakulitaja tena. Siku waliyoanza kupanda miti hapa, alirudi nyumbani hakula."

"Sasa alipanda kwa nini?"

Seremala alimtazama kwa mara ya kwanza baada ya miaka. "Si alikuwa ameshakuposa? Angekulisha nyasi?"

Shemeji alipojikongoja kuondoka, alisema bila kugeuka, "Jumapili shuka, ule na sisi."

Alishuka. Alipakuliwa nyama nzuri, wajukuu wa shemeji wakamkalia mapajani, wakamwomba alale. Akasema miche haijui Jumapili. Akapanda mlima peke yake, akawasha jiko, akatoka kuketi karibu na jiwe. Alijaribu kumwona mvulana anateleza na gunia lake, anapiga kelele. Akafumba macho kabisa. Lakini kila alipojaribu, aliyekuja ni yuleyule mtu mzima aliyemjua, mwenye ndevu, amebeba sinia la miche, hasemi kitu.