Kidonge Ambacho Mama Mkwe Hakuwa Nacho

Usiku wa kuamkia misa ya kutimiza mwaka tangu mama mkwe wangu afariki, nililala nyumbani kwake, huko Rombo. Walinipa chumba kilichopakana na jiko. Jikoni kulikuwa na mapipa mawili ya mbege, pombe yetu ya ndizi, yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba, na harufu ya ndizi na ulezi uliochachuka ilipenya kwenye nyufa za mbao hadi kitandani kwangu. Mke wangu, Eliaika, alilala na dada zake chumba cha pili.

Nilikuwa sijagusa pombe tangu masika. Sikuacha kwa nguvu zangu. Kwa nguvu zangu nilijaribu mara nyingi nikashindwa. Daktari mmoja wa mjini alinipima damu kwanza aone hali ya ini, kisha akaniandikia vidonge, kimoja kila asubuhi. Alinieleza kwamba havitanitapisha nikinywa, wala havitanifunga mdomo. Kazi yake ni kupunguza ile hamu, ule mvuto unaomtoa mtu kitandani na kumfikisha baa huku mwenyewe akijiambia haendi. Na ndivyo ilivyokuwa. Hamu haikufa, ila ilishuka sauti, kama redio ya jirani.

Lakini asubuhi ya safari sikumeza. Nilijiambia kuwa mkwe anayekataa mbege ukweni amewakataa watu wenyewe. Nikavisukuma vidonge chini ya nguo kwenye begi, nikapanga kunywa siku ya misa tu, kwa heshima ya marehemu, kisha nirudi kwenye dawa. Eliaika aliona.

"Wewe ndiye unayejua, Baba Neema," alisema, akaendelea kukunja nguo.

Basi nikalala. Nikajiona niko mgombani, mchana, jua limesimama. Watu wamekaa duara kwenye vigoda, na mama mkwe wangu anapita akigawa mbege kwa kata, kama alivyokuwa akifanya enzi za uhai wake, kitenge kifuani, miguu mitupu. Nilijua amekufa. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake. Hilo halikunishangaza, nilichowaza ni kwamba sijamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Anampa aliye kushoto kwangu. Anampa aliye kulia. Mimi ananiruka. Nimenyoosha mikono yote miwili, kama adabu inavyotaka, nayo inabaki hewani. Naona aibu ya mtu aliyenyimwa mbele za watu. Ninapogeuka niwatazame hao watu, hawapo. Mgomba umekuwa korido ya hospitali, na tumekaa sisi wawili kwenye benchi refu, karibu na dirisha la dawa. Kata ameiweka sakafuni. Haina kitu.

"Fungua mkono," anasema.

Nafungua. Kidonge kipo kiganjani. Sikumbuki kukitoa kwenye begi.

"Hiki ni nini?"

"Dawa, mama. Inapunguza hamu ya pombe."

"Inakuumiza?"

"Mwanzoni ilinipa kichefuchefu. Kikaisha."

Anakichukua, anakitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama ulezi sokoni kabla ya kuununua. Nangoja aseme kwamba mwanamume haachi pombe kwa vidonge. Nimeambiwa hivyo na wengi, kazini na kanisani, na jibu lake nilikuwa nimeshaliandaa. Hasemi.

Halafu hatuko hospitali tena. Tumesimama mlangoni kwake, mvua inanyesha, na mumewe anakatiza uani akielekea barabarani. Mzee huyo sikuwahi kumwona. Pombe ilimuua kabla sijaoa. Hata hivyo namjua mara moja. Anatembea pekupeku kwenye matope. Hatutazami. Mama mkwe hamwiti.

"Nilimfungia mlango," anasema. "Nilimpeleka akaombewa. Nilimfichia viatu ili asitoke, akaenda bila viatu."

Mvua inanyesha bila sauti.

"Kidonge sikuwa nacho."

Ananirudishia kidonge, anakifumba kiganja changu kwa vidole vyake. Vina joto. Katika uhai wake hakuwahi kunishika mkono namna hiyo. Mkwe hashikwi hivyo.

"Mbege ni yangu," anasema. "Nimeipika maisha yangu yote. Mimi ndiye ninayekuruhusu usinywe. Na umwambie mwanangu Aloyce."

"Nimwambie nini, mama?"

Alikuwa ameshashuka uani, ndani ya mvua, akimfuata mumewe. Mkononi alibeba jozi ya viatu.

Niliamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Shati limelowa jasho, na harufu ya mbege iko palepale. Hamu nayo ilikuwepo, sitasema uongo. Nilifungua begi, nikachukua kidonge, nikatoka kutafuta maji.

Aloyce, mdogo wake Eliaika, alikuwa jikoni akichochea moto, kikombe kikiwa pembeni yake.

"Shemeji, umeamka mapema," alisema. "Basi onja, utuambie kama imeiva."

"Siwezi, shemeji. Natumia dawa ya kuacha pombe."

Nilichota maji mtungini, nikameza mbele yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa ananitazama tu, nikakaa kwenye kigoda nikamsimulia ndoto nzima: kata iliyoniruka, benchi la hospitali, mzee matopeni. Nikamwambia kwamba mama alimtaja kwa jina, ila hakusema ni neno gani nimfikishie.

Hakucheka. Alijaribu kuinua kikombe kwa mikono yote miwili, na bado mbege ilimwagika.

"Viatu alivificha kweli," alisema. "Ndani ya debe la ulezi. Ni nani aliyekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Eliaika?"

"Hajawahi."

Aliitazama mikono yake, akaificha kwapani, kama mtu anayesikia baridi mbele ya moto.

"Hivi ndivyo inavyokuwa kila asubuhi mpaka ninywe," alisema. "Hiyo dawa yako inaondoa hili?"

"Sijui. Hilo daktari ndiye atakayekwambia. Mimi aliniuliza kama natetemeka, na akasema anayetetemeka asiache ghafla peke yake, inaweza kumuua. Aangaliwe kwanza."

"Kwa hiyo leo ninywe?"

"Leo usiache ghafla, wala usinywe kwa kushindana. Ukamwone daktari mapema."

Alisukuma kuni ndani, akapuliza, akafuta macho kwa mkono wa shati. Nje dada zake walikuwa wameanza kufagia uwanja, na mmoja aliita aulize kama maji ya chai yamechemka.

"Mnarudi mjini Jumatatu?" aliniuliza.

"Jumatatu, basi la asubuhi."

"Mnishikie kiti."