Ukuta wa Plaiwudi

Kati ya darasa la mwalimu mpya na la jirani palikuwa na plaiwudi tu, nayo haikufika darini. Kupitia uwazi huo sauti ya Spika ilimwagika kutwa nzima. Hilo ndilo jina watoto walilombandika mwalimu wa hesabu wa upande wa pili, mzee aliyefundisha kwa mayowe na kuitikiwa kwa mayowe.

Mwalimu huyo mpya, aliyetoka chuoni juzi tu, alimwendea kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba upunguze sauti kidogo. Kesho mkuu anakuja kunikagua. Nikishindwa, watoto wangu wanahamia kwako, mimi nabaki kusahihisha madaftari."

"Marahaba, binti yangu. Sauti hii nimezaliwa nayo. Pandisha ya kwako!"

Akapandisha. Hadi jioni koo lilikuwa kama limepigwa msasa.

Kesho yake mkuu wa shule alijibana kwenye dawati la nyuma, magoti karibu na kidevu. Mwalimu aliinua mche wa maharage alioukuza mwenyewe ndani ya kopo, mizizi yake ikidondosha udongo.

"Mmea unanywa maji kwa kutumia nini?"

Mkono mmoja ukaanza kupanda, polepole, na moyo wa mwalimu ukapanda nao.

"Saba mara nane?" Spika akanguruma ng'ambo.

"Hamsini na sita!" likajibu darasa lake lote, kwa furaha tele.

Mkuu alicheka hadi akafuta macho. "Hesabu wanaijua hawa!"

"Sikuwafundisha mimi."

"Najua. Ndiyo maana nasema wahamie kwake, yaishe."

"Mkuu, wamejibu swali walilolisikia. Langu halikuwafikia." Machozi yalikuwa karibu, akayameza. "Nipe hata ile stoo, nifundishie humo."

"Stoo imejaa madawati mabovu."

"Nitayatoa."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mkuu akajikuna shingo. "Haya. Wiki moja. Nisiposikia watoto wakijibu mizizi, wanahamia kwa Spika."

Jioni mwalimu alifika nyumbani na vumbi hadi kwenye kope, kidole kimoja kimechomwa na msumari. Mama yake, sinia la mchele mapajani, akamuuliza siku imekwendaje.

"Wamenipa stoo, mama!"

"Mbona unanifokea, mwanangu? Si niko hapa hapa?"

Alitaka kumjibu taratibu, kama zamani, lakini kila alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya kushindana na plaiwudi.